Bidon Yenye Haikauke

Beni, tarehe 4 mwezi wa tatu 2025

Mathe, mudogo yangu,

Nakusalimia mu jina ya Ule mwenye analinda benye biko njiani. Sisi huku tuko bazima, na bamama ba kanisa banauliza kama bado unaimba vibaya sawa zamani. Nilibajibu kama hii haiponake.

Ndani ya glacière, ile sanduku ya baridi yenye Kitsa wa pikipiki anakuletea ku labo yako ya kupima, muko tube, bichupa kumi na moja ya damu. Saba ni za batoto benye bangali mu bitanda ya service yetu, ile wodi ya benye banazaliwa mbele ya wakati. Ine ni za benye tulikwisha kuzika.

Utauliza juu ya nini naandika karatasi fasi ya kupiga simu. Weye unajua. Mu mwaka ya Ebola mutu alituma sauti yake mu WhatsApp, asema ku centre yetu ya matunzo tunaua batu, na nyuma ya siku mbili mawe ikaanza kuanguka ku mabati. Moja ilinipata hapa juu ya jicho. Tangu ile siku, habari ya mugonjwa inapita mu barua, na barua inapita mu glacière ya Kitsa kila mardi, siku ya Jumanne. Unicheke, njo vile niko.

Basi sikiliza. Tangu mwezi wa kwanza batoto bane balikufa. Mutoto anaanza na homa, kisha anakuwa baridi, kisha tumbo inavimba, na ceftriaxone haifanye kitu, tunatia dawa sawa vile tunatia maji. Docteur Phinées, muganga mukubwa wetu, anataka kufunga service majuma mbili. Asema tutoe bintu byote inje, tusugue, tutupe byenye bya kutupa, tuanze upya. Miye nilikataa. Batoto ba kilo moja na nusu tutabapeleka wapi? Njia ya kuja kwenu Butembo unaijua. Ukikaa kungoja batu bakuambie kama njia iko salama, mutoto anakufa ku mulango.

Tena kufunga ni kusema mbele ya muji muzima kama mikono yetu iko michafu. Mikono yetu, Mathe! Miaka kumi na mbili naongoza hii service. Hakuna mutu anaingia bila kunawa ku bidon, ule mutungi ya plastiki, hata Docteur, hata pasteur wa kanisa. Ebola ilitufundisha sheria moja: bidon ya kunawa haikauke. Ukikuta bidon iko mutupu, mwenye service anapata haya mbele ya bote. Njo maana kila asubui nafungua kifuniko, naongeza maji, naongeza sabuni ya maji, natikisa. Ile bidon ya rangi ya bleu yenye robinet ya kufungulia maji, tangu 2018 haiyakauka hata siku moja. Bageni ba santé, ba ofisi ya afya, balikuja kutupiga nayo picha.

Donc basi, niambie kitu kimoja tu. Hii magonjwa inatoka ku sisi, ao haitoke ku sisi? Ukisema inatoka, nitafunga service na mukono yangu mwenyewe, sitabishana. Ukisema haitoke, nitajua ginsi ya kumujibu Docteur. Miye dada yako mukubwa nangoja weye, sitangoja mutu mwingine.

Yaya yako,
Kavugho Jokébed


Butembo, tarehe 18 mwezi wa tatu 2025

Yaya Jokébed,

Tube zote kumi na moja zilifika na baridi yake, hakuna hata moja yenye ilimwangika. Kitsa alifunga ile glacière na kamba sawa mbuzi ya harusi, tulitafuta kisu kwa kuifungua.

Sasa pumua. Niliotesha damu yote mu masahani ya labo: ya bale saba haikuota kitu, ya bale bane iliota. Kwa babili nilikuta mikrobe yenye inaitwa Klebsiella. Kwa wa tatu nilikuta E. coli. Kwa wa ine, Enterobacter. Majina hayo uyaache, kitu cha kujua ni kama ni mikrobe tatu, kila moja na ukoo wake. Kama magonjwa ingekuwa inatoka fasi moja, ku mikono ya mutu mumoja ao ku chombo kimoja, ningekuta mikrobe moja kwa bote. Njo vile tulisoma. Basi haitoke ku ninyi. Kila mutoto alipata yake, labda ku mama yake, labda mu kambi ya bakimbizi, nani anajua.

Nikuambie pia kama labo ilipata kamashini kadogo, kanaingia mu mufuko ya shati. Kanasoma ADN ya mikrobe, ile maandiko ya uzazi yenye iko ndani yake, herufi kwa herufi. Mwenye kukaendesha ni Élise, mwenzangu mupya, alisomea Kampala. Ye alisema tungoje kwanza kamashini kasome mbele ya kukujibu. Mais lakini bintu byake bya kusomea biko njiani toka mbali, hatujue bitafika siku gani. Miye sikutaka ukae na roho juu mwezi muzima.

Yaya, weye njo ulinibeba ku mugongo toka kwetu Kipese mpaka ku dispensaire, siku ile nilipata surua, na mvua yote ile. Kama kuna mikono safi mu hii Kivu, ni yako. Umwambie Docteur Phinées kama ni miye nimesema. Endelea na kazi yako, usifunge kitu.

Mudogo yako,
Mathe Ananie


Beni, tarehe 25 mwezi wa tatu 2025

Mathe wangu,

Wasingya! Aksanti sana, wasingya tena! Nilisoma barua yako mu réunion, mukutano ya asubui, nilisimama, na nilipomaliza baliniomba nisome mara ya pili. Docteur Phinées alivua lunettes yake ya macho, akapangusa, akasema kama labo inasema hivi, basi, ye hana neno. Service haitafungwa. Barua yako niliitundika ku ukuta juu ya bidon, kila mutu mwenye ananawa anaiona. Nilipiga mustari nyekundu chini ya ile neno "endelea".

Tangu barua yako ifike mutoto mumoja tena alituacha, siku ya Jumamosi. Nililia, mais sikujihukumu. Hujue ginsi inasaidia kulia bila kujihukumu. Aksanti kwa hiyo.

Kitsa ana kafuko ka maharagi na matunda ya avoka. Hapana kugawia labo nzima, naijua roho yako.

Tena natia tube moja ya maji ya sabuni, nilikamata chini kabisa ya bidon. Docteur alinyamaza, mais bado anaangalia ile bidon na jicho la kando. Uioteshe hii pia, kisha unitumie karatasi yenye muhuri kama hakuna kitu ndani, niitundike karibu na ile ingine. Kama kamashini kenu kanataka kusoma kitu, kasome hii sabuni, kajifunze usafi!

Yaya yako mwenye furaha,
Jokébed


Butembo, tarehe 15 mwezi wa ine 2025

Yaya,

Unisamehe kukawia. Kazi ni mingi huku, na umeme inaenda na kurudi. Maharagi ilikuwa tamu sana.

Résultat ya sabuni bado. Nitakuandikia majibu ikitoka.

Mais nilikuwa nafikiri kitu. Ile bidon imezeeka, Yaya. Labda ingekuwa muzuri uimwange yote, uisugue, uianike ku jua siku mbili, kisha uanze na sabuni mupya. Surtout, zaidi ya yote, usiongeze tena mupya juu ya ya zamani. Ao uiache kabisa, mutumie sabuni ya kipande. Ni wazo tu.

Pasaka njema kwa bote.

Mathe


Beni, tarehe 22 mwezi wa ine 2025

Mathe,

Kristo amefufuka, na weye unanifundisha kunawa mikono! Eh! Nilicheka, kisha nilikasirika kidogo, kisha nilicheka tena. Nilikuwa nakupangusa mafua na kanga yangu, leo unaniambia nianike bidon ku jua siku mbili. Na mu hizo siku mbili ba stagiaire, banafunzi ba kazi, batanawa na nini, na mate? Wakati robinet inatoa hewa, mutu anapita, anasema nitanawa kesho. Nilizika batu mu Ebola sababu ya bidon yenye ilikuwa mutupu asubui moja tu. Mbele ya robinet itoe hewa ku service yangu, nitatoka miye kwanza.

Kama kuna sababu, Mathe, iseme. Kama hakuna, uniache na bidon yangu.

Sasa nikupe habari muzuri. Jana, lundi, Jumatatu ya Pasaka, tulizalisha kasichana ka kilo moja na grama mia tatu. Mama yake anaitwa Providence, ana miaka kumi na tisa. Balikimbia vita Kanyabayonga, alitembea na tumbo mpaka Alimbongo, kutoka pale wakaendelea vile banaweza, mara mu gari, mara ku miguu. Bwana yake balipotezana mu njia na hajue kama anaishi. Alifika hapa na bidon moja ya mafuta mutupu na nguo ya mwilini. Kasichana alimuita Katungu, jina ya shangazi yake.

Mathe, kale katoto kanashika! Nilitia kidole changu mu mukono yake na hakakuachia, nilikaa pale nimeinama mpaka mugongo ikaniuma. Providence ananiuliza kila saa: Mama, ataishi? Miye hapana kuahidi batu, unanijua. Kwa huyu niliahidi. Nilimupa kitenge yangu ya fête, sikukuu ya wanawake, amufungie.

Uombe juu ya Katungu.

Yaya yako,
Jokébed


Butembo, tarehe 29 mwezi wa ine 2025

Yaya,

Nafurahi juu ya Katungu. Naomba juu yake, kweli naomba.

Hakuna sababu kubwa. Ni tahadhari tu. Mais fanya hivi juu yangu miye: mbele ya kumugusa ule mutoto, unawe na sabuni ya kipande na maji ya kumwanga na kikombe, si ya bidon. Ye tu. Na kama anaweza kulala mbali na ile kona ya robinet, ni muzuri zaidi. Hapana kunicheka tena, Yaya. Fanya tu.

Mathe


Butembo, tarehe 6 mwezi wa tano 2025

Kwa Mama Kavugho Jokébed,

Hatujaonana bado, lakini jina lako nalisikia kila siku hapa kazini. Naitwa Élise. Ninafanya kazi pamoja na mdogo wako Mathe, na mimi ndiye ninayeendesha ile mashine ndogo ya kusoma ADN.

Ninakuandikia kufuatilia matokeo ambayo Mathe alikutumia tarehe 15 mwezi wa nne. Ninajua yalikuwa mazito kwenu. Tulipootesha damu ya watoto tuliona mikrobe tatu tofauti, na tukadhani hazihusiani. Mashine imetuonyesha jambo lingine. Ndani ya zote tatu mna duara moja dogo la ADN, lilelile, herufi kwa herufi. Duara la namna hiyo mikrobe hupeana, hata zisipokuwa za ukoo mmoja, na hili lenu linabeba uwezo wa kuvunja ceftriaxone. Ndiyo sababu dawa haikusaidia. Duara hilohilo tulilikuta katika maji ya sabuni ya bidon yenu. Kwa hiyo chanzo kilikuwa kimoja tangu mwanzo.

Ninaomba tarehe mbili. Bidon ilitolewa siku gani? Na tangu itolewe, kuna mtoto mwingine aliyeugua? Bila tarehe hizo hatuwezi kujua kama chanzo kimekatika. Nilimwomba Mathe aniulizie, akasema mna kazi nyingi, basi nimeona heri nikuandikie mwenyewe na kumpa Kitsa barua mkononi.

Ruhusu pia nikupongeze. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuma sabuni yenu ipimwe. Sijui wangapi wangethubutu.

Kwa heshima,
Élise


Beni, tarehe 7 mwezi wa tano 2025

Mathe,

Élise ananiuliza bidon ilitoka siku gani. Bidon haiyatoka. Naiangalia wakati naandika. Leo asubui niliongeza sabuni.

Katungu alikufa siku ya Ijumaa, saa tatu ya asubui, mu mikono yangu. Mbele ya kumushika nilinawa ku bidon. Barua yako ya tarehe 29 nilikuwa nimeisoma, nilisema ni woga ya mutu wa labo.

Ile ya tarehe 15 iko hapa juu ya magoti yangu. Nimeisoma mara ine. Hakuna duara ndani yake. Umeandika: "Résultat ya sabuni bado."

Leo haiko mardi, mais nimemutuma Kitsa. Atakaa ku mulango ya labo mpaka umalize kuandika. Ulijua nini, na ulijua siku gani?

Jokébed


Butembo, tarehe 7 mwezi wa tano 2025

Yaya,

Mbele ya yote, toa bidon. Usimalize kusoma, simama, itoe. Sabuni yenye maji mingi haiue hizi mikrobe, zinakaa mu utelezi wa chini, na ile yenye unaongeza kila asubui njo inazilisha. Kila mutu mwenye ananawa pale anazipeleka ku kitanda. Wasugue mikono na sabuni ya kipande na maji yenye inatiririka. Nenda, kisha urudi usome.

Kitsa anakataa hata maji ya kunywa. Nilimuambia aingie akae, akaniangalia tu. Nafikiri ulimuambia yote.

Nilijua tarehe 14 mwezi wa ine, lundi, nyuma ya chakula ya midi, ya muchana. Élise aliniita. Ku écran ya kompyuta kulikuwa majina ya batoto bako na chini ya kila jina ile duara, moja, moja, moja. Nitakuambia kitu cha haya: kwanza nilifurahi. Nilipiga makofi sababu kamashini kalifanya kazi. Kisha akafungua ya sabuni, na ilikuwa ileile.

Unakumbuka Kipese, bamama banapeana mbegu ya maharagi juu ya lugo, ule uzio ya shamba. Kila shamba ina mwenyewe, na mbegu ni moja mu mashamba yote. Miye niliangalia benye mashamba, sikuangalia mbegu. Na nilikuwa najua kama mikrobe zinapeana, Yaya. Hata mwanafunzi anajua. Élise aliniambia tungoje. Miye nilikimbilia kukufurahisha.

Ile lundi nilikamata kalamu kukuandikia yote. Nikaona ile alama juu ya jicho yako. Nikasikia ginsi batasema ku soko: Jokébed anaua batoto na sabuni yake. Niliona mawe tena. Na nikaona barua yangu ku ukuta, na ile "endelea" yenye mustari nyekundu. Sitakuficha: sikuogopa juu yako tu, niliogopa na juu yangu. Ni miye niliwazuia kufunga.

Basi nilifikiri nitakufanya utoe bidon bila kujua sababu. Magonjwa itakoma kimya kimya, hakuna mutu atajua, hata weye hautajua, utazeeka na mikono safi. Élise aliniuliza kama nimekuandikia. Nilisema ndiyo. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimekuandikia.

Kisha uliniuliza wazi: kama kuna sababu, iseme. Niliandika barua mbili ile siku. Moja ilikuwa ya kweli, kurasa mbili. Nilikuwa nayo mu mufuko wakati Kitsa alifika. Nilimupatia ile ingine.

Nilikuwa nimesoma juu ya Katungu. Nilijua anashika kidole. Hakuna siku sikufikiri juu yake, na niliendelea kunyamaza, nilikuwa najiambia juma ijayo atakuwa ameongeza kilo, juma ijayo atakuwa ametoka. Kama unataka nije Beni, nitakuja. Kama hautaki kuniona, nitaelewa.

Mathe


Beni, tarehe 3 mwezi wa sita 2025

Ananie,

Ile bidon niliitoa saa kumi na moja ya jioni, Kitsa bado amesimama na barua yako nusu imefunguliwa mu mukono yangu. Niliikata na panga nyuma ya jiko. Chini mulikuwa kitu cha kuteleza, rangi ya maziwa, kinene sawa kidole. Miaka saba nilikuwa natikisa juu yake kila asubui na kuona kama nafanya kazi muzuri.

Kesho yake niliita bamama bote, na ba infirmière, bauguzi betu, na Docteur Phinées. Nilitoa barua yako ku ukuta. Nilisoma ile ya Élise, na fasi yenye haikuwa wazi nilieleza na Kinande, luga yetu. Nilisema: bidon ilikuwa yangu, sabuni nilitia miye, na Docteur alitaka kufunga tangu mwezi wa tatu, miye njo nilikataa. Kisha nikangoja. Nilikuwa nimefunga kitambaa ku kichwa sababu ya kuogopa mawe, nakuambia kweli. Hakuna mutu alirusha kitu. Mama mumoja alinyanyua mutoto yake toka mu kitanda akamuweka ku kifua. Mwingine akaniuliza kama bado anaweza kumunyonyesha wake. Uliogopa batu benye haubajue tena, Ananie.

Service ilifungwa siku kumi na mbili. Batoto tulibapeleka mu salle, ukumbi ya kanisa, kila mama na wake ku kifua, ngozi na ngozi, mablanketi juu. Nilisema mu mwezi wa tatu kama batakufa tukifunga. Hakuna mumoja alikufa. Nilikuwa nabahesabu kila saa, asubui na mangaribi, na hakuna mumoja alikufa. Tungeweza kufanya vile tangu Docteur alisema mara ya kwanza. Hii njo inaniamusha usiku, si barua zako.

Docteur hakunifukuza. Alisema Ebola ilitufundisha vile ilitufundisha, na hakuna mutu alikuja nyuma kutuambia kama sabuni pia inaoza. Ana roho muzuri. Miye njo niliomba kutoka. Sasa niko ku consultation, napima matumbo ya bamama, naandika mu fiche. Ba infirmière bananisalimia na heshima yote na banashusha sauti nikiingia.

Nilienda kumuona Providence. Analala nyuma ya kanisa na bakimbizi bengine. Nilikuwa na barua yako ya tarehe saba. Nilimusomea yote, hata fasi ya mawe, hata fasi ya barua mbili. Alikuwa anapepeta maharagi na hakuachia ungo. Nilipomaliza akauliza: huyu mudogo yako alijua siku gani? Nikasema, tarehe kumi na ine. Kisha akasema: basi Katungu alikuwa bado mu tumbo. Nikasema ndiyo. Akarudi ku maharagi yake. Nilikaa karibu naye mpaka jua ikashuka, na hakuniambia niende, na hakuniambia nibaki.

Ye hakuuliza kama utakuja. Miye njo nasema utakuja, mardi ijayo, na pikipiki ya Kitsa. Utasimama mbele yake na utamuambia ile tarehe na kinywa chako. Sitakusindikiza.

Hapana kufikiri kama niko na hasira. Nilikuwa nayo, iliisha. Najua sababu ya nini ulinyamaza, na najua ulinipenda wakati ulikuwa unanyamaza. Mais nilikuuliza swali moja tangu mwanzo. Nilikuambia ukisema inatoka ku sisi, nitafunga na mukono yangu. Haukuniamini. Ulisoma ile na ukafikiri yaya wako ni mutu wa kufichwa.

Ulitaka kuniokoa. Miye niko na miaka makumi tano na ine. Katungu alikuwa na siku kumi na moja.

Kavugho Jokébed